Maganda ya Matoke: Mali Tuitupayo Jalalani

Ndugu msomaji, katika safu hii ya Nyumba na Shamba tumezoea kuzungumza juu ya chakula kiingiacho nyumbani: namna ya kukichagua, kukihifadhi na kukipika. Juma hili yafaa tuangalie upande wa pili wa jikoni, yaani kile kitokacho nyumbani baada ya kisu kumaliza kazi yake. Mabaki ya mazao ni mengi na ya namna nyingi, nasi hatuwezi kuyaeleza yote kwa siku moja. Kwa hiyo tutachukua zao moja tu, ambalo karibu kila nyumba ya Kampala na ya wilaya za kusini na magharibi inalifahamu, nalo ni matoke.

Hesabu ndogo

Tuanze na hesabu, maana jambo lisilopimwa huonekana dogo. Mkungu wenye uzito wa kilo 20, ukishaondolewa kikonyo na kumenywa, huacha kilo 7 au 8 za maganda, kwa kuwa ganda la ndizi ya kupika huchukua zaidi ya theluthi moja ya uzito wa ndizi yenyewe. Nyumba ipikayo mikungu miwili kwa juma hutoa basi kilo zipatazo 15 za maganda kila juma, ambazo ni kilo 780 kwa mwaka mzima. Hapo hatujahesabu vikonyo, wala majani ambayo mama hufungia chakula kabla ya kukiweka mvukeni, wala kile kitokacho katika mahoteli na katika masoko kama Nakasero, Owino na Kalerwe.

Sasa tujiulize: mzigo huo umetoka wapi? Umetoka katika udongo wa Isingiro, Mbarara, Bushenyi na Ntungamo, na katika mashamba mengine yanayoilisha Kampala. Kila tani moja ya ndizi iondokayo shambani huondoka na kadiri ya kilo 5 za potasiamu, kile chakula cha mmea ambacho mgomba hukihitaji kwa wingi kuliko kingine chochote. Ganda limebeba sehemu kubwa ya kirutubisho hicho. Lori lijaalo mikungu likishuka kutoka magharibi, huwa limepakia pia rutuba ya shamba la mtu. Na lirudipo, aghalabu hurudi na sabuni, mabati na sukari, lakini rutuba ile hairudi.

Kama mkulima wetu angekuwa ananunua mbolea ya chumvichumvi kwa wingi, pengine hasara hiyo ingezibika. Viongozi wa Afrika walipokutana Abuja mwaka 2006 waliazimia kwamba bara letu lifikie kilo 50 za virutubisho kwa kila hekta. Uganda ingali inatumia kilo chache mno kwa hekta, mbali kabisa na kiasi hicho. Hivyo shamba la migomba huishi kwa akiba yake lenyewe, na akiba hiyo tunaichota kila siku bila ya kurudisha. Mkulima huona mikungu yake ikipungua ukubwa mwaka hata mwaka, akalaumu mvua au mbegu, ilhali sehemu ya jibu imelala jijini, ndani ya shimo la taka.

Mwisho wa safari

Mwisho wa safari hiyo, kwa miaka karibu thelathini, ulikuwa Kiteezi. Jalala hilo, lililoko Wilaya ya Wakiso, lilifunguliwa mwaka 1996 ili kupokea taka za jiji la Kampala. Lilikuwa likipokea zaidi ya tani 1,000 kwa siku, na zaidi ya theluthi mbili za taka za jiji letu ni vitu viozavyo: maganda, majani, mabaki ya mboga na ya chakula. Eneo lilikwisha kujaa miaka mingi kabla, lakini magari yaliendelea kumwaga, na mlima ukaendelea kupanda huku nyumba za watu zikiwa chini yake.

Tarehe 10 Agosti 2024, wakati wa mvua nyingi, mlima huo uliporomoka juu ya nyumba hizo. Watu zaidi ya 30 walipoteza maisha yao, na miongoni mwao walikuwamo watoto. Jalala likafungwa, na jiji likalazimika kutafuta mahali pengine pa kupeleka taka zake.

Hatusemi kwamba ganda la ndizi peke yake lilifanya maafa yale. Lakini yafaa kila mwenye jiko atambue jinsi mlima wa namna ile unavyojengeka. Katika kila kilo 100 za maganda mabichi, kilo 80 na zaidi ni maji. Taka zenye maji mengi zikirundikwa juu kwa juu, bila kushindiliwa vyema na bila njia ya maji kutokea, huwa kama uji uliofunikwa kwa gamba gumu. Isitoshe, mahali ambapo hewa haifiki, vijidudu viozeshavyo hufanya kazi ya namna nyingine kabisa. Hutoa gesi iitwayo methani, ambayo huwaka moto, na ambayo uwezo wake wa kuongeza joto la dunia ni zaidi ya mara 25 ya ule wa hewa ya ukaa. Chini ya rundo hutiririka maji meusi yenye kunuka, yakaingia katika chemchemi na mabwawa. Ganda lile lile, likiwekwa mahali penye hewa, huoza kwa utulivu na kuwa udongo mweusi usionuka. Kwa hiyo ganda halina ubaya wa asili. Ubaya hutokana na mahali tuliwekapo na vitu tulichanganyavyo navyo.

Kutenga ndiko mwanzo

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu ya leo. Zipo njia nyingi za kutumia mabaki ya mazao, za zamani na za kisasa, na tutazieleza. Lakini njia zote, kuanzia shimo la bibi kijijini hadi mtambo wa mamilioni ya shilingi, zinategemea tendo moja dogo lifanywalo jikoni: kulitenga ganda dakika ile ile limenywapo.

Fikiri, ndugu msomaji, jinsi matoke yamenywavyo. Humenywa mabichi, kwa kisu, kabla ya kupikwa. Ganda liangukalo chini ni safi. Halina mafuta, chumvi wala mate ya mtu. Likidondoka katika kapu lake, ni chakula cha mbuzi na mbolea ya bustani. Likitupwa katika kavera pamoja na betri ya redio, kioo kilichovunjika na nepi ya mtoto, limekwisha kuwa takataka, na gharama ya kulirudisha katika hali yake ya kwanza ni kubwa kuliko thamani yake.

Mfano wa jambo hili tunao hapa nchini. Mamlaka ya Taifa ya Mazingira, NEMA, kwa msaada wa Benki ya Dunia, ilianzisha vituo vya kutengenezea mboji katika miji kadhaa, ikiwamo Jinja, Mukono, Mbale, Lira, Soroti, Fort Portal, Kasese, Kabale na Mbarara. Mpango ulikuwa mwema: taka za mji zigeuzwe mbolea badala ya kutoa methani. Lakini taka zilifika vituoni zimekwisha kuchanganyika, na wafanyakazi wakalazimika kuzichambua kwa mikono. Mkulima naye hapendi kununua mboji yenye vipande vya plastiki na vigae vya chupa, hata iwe rahisi namna gani. Kazi ambayo ingemchukua mama wa nyumba sekunde moja jikoni ilimgharimu kibarua wa kituo siku nzima, na bado haikukamilika. Kanuni za taifa za usimamizi wa taka za mwaka 2020 zinamtaka kila mwenye taka azitenge. Lakini sheria haiwezi kukaa jikoni kwa kila mtu. Jambo hili litafanikiwa kwa desturi ya nyumbani.

Basi, ganda likishatengwa, litumike vipi? Sisi twashauri utaratibu ambao hata mtoto wa shule aweza kuukariri: kwanza mdomo, pili udongo, mwisho moto. Yaani, kama mabaki yaweza kulisha mnyama, yamlishe. Kama hayawezi, yalishe shamba. Na yale tu yasiyofaa kwa hayo mawili ndiyo yachomwe.

Kwanza mdomo

Ng'ombe, mbuzi na nguruwe hula maganda ya matoke, na wafugaji wengi wa kandokando ya Kampala huyakusanya masokoni na mahotelini kwa kazi hiyo. Hata hivyo, mfugaji asidhani kwamba amepata lishe kamili. Ganda lina maji mengi na nguvu kiasi, lakini protini yake ni haba, na lile bichi lina ukakasi unaozuia tumbo la mnyama kutumia chakula vizuri. Kwa hiyo likatwekatwe, lianikwe linyauke kwa siku moja au mbili, kisha lichanganywe na majani yenye protini, kama vile majani ya kaliandra, ya viazi vitamu au ya maharage, pamoja na majani ya tembo. Mnyama azoezwe kidogo kidogo, na maganda yawe nyongeza tu ya mlo wake.

Mambo mawili ni ya hatari. La kwanza ni plastiki. Ng'ombe akimeza kavera, halitoki wala haliyeyuki; hukaa tumboni, yakaongezeka mengine, hata mnyama akakonda na kufa huku tumbo limejaa. La pili ni ukungu. Maganda yaliyorundikwa yakiwa mabichi hushika kuvu, na baadhi ya kuvu hutoa sumu ambayo hupita katika maziwa hadi kwa mtoto anywaye. Ganda lenye ukungu halimfai mnyama. Lipelekwe kwenye rundo la mbolea.

Upo pia mdomo mwingine, ambao wazee wetu hawakuufikiria. Huo ni wa buu wa nzi askari mweusi. Nzi huyu si yule wa nyumbani atuaye juu ya chakula. Akishakuwa mkubwa hali chakula, wala hana haja ya kuingia jikoni. Huishi siku chache, huzaa na kufa. Jike mmoja hutaga mayai yapatayo 500. Mabuu yake, kwa muda wa kama majuma mawili, hula mabaki kwa pupa na kuyapunguza nusu au zaidi. Mabuu hayo yakikaushwa, karibu sehemu 40 katika kila 100 ni protini, na kuku huyapenda. Katika kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, Nairobi, wataalamu wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi, na hapa Uganda pia wako watu wanaofuga mabuu hayo.

Faida yake kwetu ni dhahiri. Chakula cha kuku nchini hutegemea sana dagaa wa Ziwa Viktoria, wale tuwaitao mukene, ambao binadamu pia huwahitaji mezani. Kila kilo ya mabuu ilishwayo kuku huacha dagaa kwa mtoto. Walakini mfugaji ajue kwamba maganda ya matoke peke yake ni magumu na yana protini kidogo, hivyo mabuu hukua polepole. Yachanganywe na mabaki ya jikoni au na machicha ya pombe. Kinachobaki baada ya mabuu kushiba ni mbolea, ambayo yafaa kuachwa iive majuma kadhaa kabla ya kutiwa bustanini.

Pili udongo

Njia ya mboji ndiyo iliyo rahisi kuliko zote, na ndiyo inayoharibiwa mara nyingi kwa haraka. Watu humwaga maganda katika shimo, wakangoja miujiza, wakapata harufu na inzi. Kosa ni kukosa hewa na kukosa mchanganyiko. Vijidudu vya mboji, kama watu, huhitaji hewa, maji, na mlo wa namna mbili: vitu vikavu vya kuwapa nguvu, na vitu vibichi au samadi vya kuwajenga.

Chagua mahali chini ya kivuli, pasipotuama maji. Tandika kwanza vijiti au mabua ili hewa ipite chini. Kisha panga tabaka kwa tabaka: ndoo mbili za maganda yaliyokatwakatwa, ndoo moja ya majani makavu au mabua ya mahindi, na ndoo moja ya samadi ya ng'ombe au ya kuku. Rudia hivyo mpaka rundo lifike kimo cha mita moja au moja na nusu, na upana usiopungua mita moja, kwa maana rundo dogo halishiki joto. Funika kwa majani ya migomba ili mvua isilitie maji kupita kiasi. Ukichukua konzi ya mboji na kuikamua, iwe kama nguo iliyokwisha kukamuliwa: yenye unyevu, lakini isiyodondosha maji.

Chomeka fimbo ndefu katikati ya rundo na uiache humo. Baada ya siku chache ichomoe uiguse. Ikiwa moto, kazi inaendelea. Ikiwa baridi na kavu, ongeza maji. Ikiwa baridi na majimaji yenye harufu, geuza rundo na kuongeza vitu vikavu. Ndani ya rundo zuri joto hufika nyuzi 55 hadi 65 za sentigredi, na joto hilo likidumu siku kadhaa huua mbegu za magugu na vijidudu vingi vya magonjwa. Geuza rundo kila baada ya majuma mawili, ili kilichokuwa nje kiingie ndani. Baada ya miezi mitatu hivi utapata mboji nyeusi, inukayo kama udongo wa msituni baada ya mvua.

Joto hilo lina umuhimu wa pekee kwetu. Tangu mwaka 2001, mnyauko wa bakteria umekuwa ukishambulia migomba ya nchi hii. Dalili zake mkulima anazijua: majani huwa manjano na kunyauka, ua la mkungu husinyaa, ndizi huiva kabla ya wakati wake, na shina likikatwa hutoa ute wa rangi ya manjano. Ugonjwa huo huenezwa na visu, na wadudu, na mabaki ya mmea mgonjwa. Kwa hiyo yeyote anayetaka kurudisha maganda ya sokoni shambani, asiyamwage mabichi chini ya migomba yake, kwa sababu hajui yametoka shamba gani. Ayapitishe kwanza katika rundo lenye joto, na mboji yake aipeleke kwa mboga kabla ya kuipeleka kwa migomba. Mkulima mwenyewe naye asiache magogo ya migomba iliyovunwa yamelala mazima. Ayapasue yakauke upesi, kwani ndani ya magogo mabichi ndimo fukusi huzaliana.

Katika fungu hili la udongo imo pia gesi ya samadi, maana mtambo wake hutoa moto bila ya kuchukua rutuba. Samadi huchanganywa na maji kwa kipimo sawasawa, ikaingizwa katika kuba lililojengwa chini ya ardhi, pasipoingia hewa. Methani ile ile ambayo jalalani ni hatari, humo hukusanywa na kupelekwa jikoni kwa bomba, nayo huwaka kwa mwali wa buluu usio na moshi. Kituo cha CAMARTEC cha Arusha, nchini Tanzania, kilieneza mitambo ya kuba tangu miaka ya 1980, na mwaka 2009 ulianza mpango wa gesi ya samadi uliozihusisha nchi kadhaa za Afrika, Uganda ikiwamo.

Nyumba yenye ng'ombe wawili wafugwao zizini yaweza kulisha mtambo mdogo. Maganda ya matoke yaweza kuongezwa, lakini yakatwekatwe sana, na yatiwe kidogo kidogo, kwani yakizidi mtambo huingia uchachu na gesi hukoma. Tope litokalo upande wa pili ni mbolea bora, na asiyelipeleka shambani amepata nusu tu ya faida ya mtambo wake. Tahadhari: ukishuku kwamba bomba linavuja, usilitafute tundu kwa kiberiti. Paka povu la sabuni; penye tundu patatoa mapovu.

Mwisho moto

Maganda makavu yaweza pia kugeuzwa makaa. Huchomwa ndani ya pipa lenye hewa kidogo hata yakawa meusi bila ya kuwa majivu, husagwa, huchanganywa na uji wa wanga wa muhogo au udongo wa mfinyanzi, hufinyangwa au kushindiliwa kwa mashine ya mkono, kisha huanikwa juani. Makaa hayo huwaka polepole, na kila gunia lake hupunguza haja ya kukata mti. Kwa mama auzaye chakula, ambaye sufuria ya maharage humkalia jikoni tangu alfajiri, moto wa polepole ni neema.

Hata hivyo, tumeuweka moto mwisho kwa sababu nzuri. Kitu kikichomwa, naitrojeni yake huruka na moshi, na ule uozo ulainishao udongo hupotea. Hubaki majivu yenye potasiamu, ambayo yarudishwe bustanini kwa kiasi kidogo, yasilundikwe mahali pamoja. Tena makaa ya namna yoyote yasitumike katika chumba kilichofungwa, kwani hutoa hewa isiyo na rangi wala harufu ambayo huua waliolala. Na kuchoma taka zilizochanganyika na plastiki nyuma ya nyumba, kama ifanyikavyo mitaani jioni, hakumo katika utaratibu wetu hata kidogo. Moshi wake ni sumu kwa majirani.

Na asiye na shamba je?

Msomaji anayepanga chumba kimoja Bwaise, Katwe au Kamwokya aweza kuuliza: mimi sina ng'ombe, sina shamba, hata ua ni wa watu kumi, maneno haya yananihusu nini? Swali hilo ni la haki, maana ni katika vyumba hivyo ambamo maganda mengi hutoka, na ndiko ambako gari la taka hufika kwa shida au kwa malipo.

Jibu la kwanza ni kapu. Weka kapu la wazi, lililosukwa, mahali penye kivuli, liwe la maganda tu. Nyunyiza majani makavu au vumbi la mbao juu yake, na lisikae zaidi ya siku mbili. Wapangaji wa ua mmoja wakikubaliana, makapu yao yaweza kujaza gunia moja kwa siku, na gunia la maganda safi hupata mfugaji wa kulichukua. Hata akilichukua bure, mmekwisha kufaidika: kwa kuwa wengi hulipia taka kwa gunia, mkiondoa maganda, magunia ya kulipia hupungua, na yaliyobaki hayanuki.

Jibu la pili ni bustani ya gunia. Gunia hujazwa udongo uliochanganywa na mboji, katikati hupangwa mawe ya kupitishia maji kutoka juu hadi chini, na ubavuni hutobolewa matundu ya kupandia. Gunia moja huotesha mchicha, nakati au sukuma wiki, mbele ya mlango, pasipo shamba lolote. Hivyo rutuba iliyosafiri kutoka Isingiro, badala ya kuzikwa jalalani, huingia tena katika chungu.

Kazi ya juma hili

Twajua kwamba nyumba moja haiwezi kuushusha mlima. Wala hatutaki kumtwika mama wa nyumba mzigo ambao ni wa halmashauri, wa wenye masoko na wa wenye mahoteli. Soko moja kubwa litengapo maganda yake lina uzito kuliko mitaa mingi, na wakuu wa masoko wana wajibu wa kutenga mahali pa maganda peke yake na kuwaruhusu wafugaji kuyachukua asubuhi yangali mabichi. Lakini soko halitajifunza kutenga ikiwa mchuuzi wake hatengi nyumbani, na kituo cha mboji hakitapata taka safi kutoka kwa watu wasiozoea kapu la pili. Haba na haba hujaza kibaba. Kilo 15 za juma moja zilijenga Kiteezi, na kilo 15 hizo hizo zaweza kujenga bustani.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, twakuomba ufanye jaribio la juma moja tu. Tafuta kapu la pili. Kila umenyapo matoke, maganda yaingie humo, wala kitu kingine kisiingie. Siku ya saba pima uzito wake kwa mizani ya muuza duka, uandike. Kisha mwulize jirani afugaye mbuzi kama ayahitaji, au panga tabaka la kwanza la rundo lako. Watoto nao wahusishwe, kwani watoto wazoeapo jambo hulisimamia kuliko sisi. Mtoto akikuona unatupa kavera katika kapu la maganda, atakukumbusha.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaeleza namna ya kuchagua mbegu za mboga zifaazo kwa bustani ya gunia. Hadi hapo, twawatakia heri majumbani na mashambani.